Mzee yuko ICU, simu iko kwenye mto: teknolojia inasaidia nini kwenye tiba shufaa

Babu alivyolazwa ICU, wodi ya wagonjwa mahututi, grupu letu la WhatsApp la familia lilikuwa na watu 43, na kwa siku karibu zote swali lilikuwa moja tu, oksijeni ngapi. Mjomba aliyeko Muscat akiamka alfajiri anauliza oksijeni ngapi, mama mkubwa wa Tanga anauliza oksijeni ngapi, binamu ambaye hata salamu hajawahi kutoa kwenye lile grupu naye anaibuka, oksijeni ngapi, na mimi niliyekuwa na zamu ya kushinda hospitali nikiingia zile dakika kumi na tano za kuona mgonjwa macho yanaenda kwenye skrini kabla hayajaenda kwa babu, nasoma namba, natoka, nachapa 91, watu wanashusha mikono ya dua. Kesho yake 88, watu wanalia. Keshokutwa 93, alhamdulillah. Hakuna hata mmoja wetu, na mimi nikiwemo, aliyeuliza kama mzee anaumia, kama anaogopa, au kama haya anayofanyiwa ndiyo ambayo yeye mwenyewe, mtu wa miaka 84 aliyekuwa anachagua mpaka upande gani wa samaki aletewe, angeyataka.

Nimeanza na hiyo kwa sababu mtu akisikia "teknolojia ya kidijitali kwenye tiba shufaa ya wazee ICU" anawaza vitu vya ajabu, roboti sijui nini, kumbe vingi ni vitu vya kawaida, apu ya simu, meseji, faili la kwenye kompyuta linalojikumbusha lenyewe, tableti ya kupigia vidio. Ishu ni kwamba baadhi vinasaidia kweli, vingine vimejaribiwa kwa pesa nyingi na havikusaidia kile vilichotengenezewa, na sababu ya tofauti hiyo inavutia kuliko vifaa vyenyewe. Nitajaribu kuifumbua.

Kwanza neno lenyewe, tiba shufaa, lina mkosi. Daktari akilitaja tu ndugu wanasikia "mchukueni mkafie nyumbani". Sio hivyo. Aliyeanzisha mambo haya kwa sura tunayoijua leo ni Cicely Saunders wa Uingereza, mama aliyekuwa nesi, akawa ofisa wa ustawi wa jamii, halafu akarudi shule akawa daktari, na mwaka 1967 akafungua hospisi, nyumba ya kuhudumia wagonjwa walio mwishoni mwa maisha, iitwayo St Christopher's pale London. Hoja yake ilikuwa kwamba maumivu ya mgonjwa ni ya mwili, ya akili, ya familia na ya roho kwa pamoja, kwahiyo ukitibu mwili peke yake umeacha robo tatu ya kazi. Tiba shufaa ni kushughulikia hayo yote, na inaweza kwenda sambamba na matibabu mengine, huku unapigwa dripu na antibayotiki huku kuna mtu anahangaika na maumivu yako, pumzi yako, usingizi wako, na maswali ya watoto wako. Mwaka 2010 utafiti wa Marekani kwa watu 151 wenye saratani ya mapafu iliyosambaa ulionyesha kwamba waliopewa tiba shufaa mapema waliishi kama miezi 11.6 na waliopewa matibabu ya kawaida tu miezi 8.9, na hao wa kwanza ndio waliopewa kwa uchache zaidi yale matibabu makali ya siku za mwisho. Kwahiyo yule shangazi anayesema "wakishaanza mofini ndo wamemmaliza", ile dawa kali ya maumivu, mwambieni taratibu. Kwa hesabu za Shirika la Afya Duniani, WHO, kila mwaka watu kama milioni 56.8 duniani wanahitaji huduma hii na wanaoipata ni kama asilimia 14.

Sasa kwanini ICU, na kwanini wazee. Hapa lazima turudi nyuma kidogo maana wengi hatujui ICU ilianzaje. Ilianza Copenhagen, Denmark, mwaka 1952, polio imeingia mjini, watoto na vijana wanashindwa kupumua, na daktari wa usingizi aitwaye Bjørn Ibsen akaja na wazo la kutoboa koo na kuwapumulisha kwa mpira wa mkono, wanafunzi wa udaktari wakawa wanapokezana zamu usiku na mchana kubonyeza ile mipira. Wengi wakapona. Yaani ICU tangu siku ya kwanza ilikuwa daraja, mwili umeshindwa kwa muda, mashine inabeba, mwili ukipata nguvu unavuka ng'ambo unaendelea na maisha. Daraja zuri sana kama ng'ambo kuna ardhi. Kwa mzee wa miaka 84 mwenye moyo mkubwa, figo zilizochoka na kisukari cha miaka ishirini, swali ni kama ng'ambo kuna ardhi ya kukanyaga, na ni ardhi ya namna gani, atakaa mwenyewe kitandani au atabaki na mpira wa puani hamtambui mtu.

Wazungu wamelipima hili. Utafiti mmoja wa nchi 21 za Ulaya uliotoka 2017 ulifuatilia wagonjwa 5,021 wa miaka 80 na kuendelea walioingia ICU, karibu theluthi moja wakawa wamefariki ndani ya siku 30. Mwaka huohuo Wafaransa wakatoa wa kwao, hospitali 24, wazee 3,037 wa miaka 75 kwenda juu, nusu ya hospitali zikaambiwa zihimize mzee mahututi aingizwe ICU, nusu nyingine ziendelee kama kawaida. Kwenye zile za kuhimiza walioingia walikuwa asilimia 61, kwenye za kawaida 34. Baada ya miezi sita kuingiza wazee wengi zaidi hakukuwa kumepunguza vifo. Jamani hii haina maana mzee asipelekwe ICU, wapo wanaoingia na kutoka wakarudi shambani, nawajua. Ina maana umri peke yake haukwambii kitu na kitanda cha ICU peke yake hakikwambii kitu.

Kinachokwambia zaidi ni alikuwaje kabla ya kuugua. Na hapa ndipo kifaa cha kwanza kinapoingia, na ndicho ninachokipenda kuliko vyote.

Siku ya sita akaja daktari mmoja kijana, dada wa watu, ameshika simu, akaniita pembeni pale korido. Akaniuliza, kaka, wiki mbili kabla hajaugua babu alikuwa anaendeleaje? Nikamwambia alikuwa mzima tu. Akasema mzima vipi, anaoga mwenyewe? Nikanyamaza. Anaenda msikitini mwenyewe? Anajua hela zake ziko wapi? Anapanda ngazi? Na kila swali najikuta najibu kwa aibu, kuoga anaogeshwa na mama mdogo tangu mwaka jana, msikitini aliacha baada ya Ramadhani, anaswalia kwenye kiti, hela anashika mama mdogo. Kumbe kwa karibu mwaka mzima tulikuwa tunamuona anashuka na kila mtu anasema "uzee tu huo". Yule dada hakuwa anachati, alikuwa ana apu yenye kipimo cha udhaifu wa uzeeni kilichotengenezwa na Kenneth Rockwood na wenzake kule Halifax, Kanada, kikatoka 2005 kikiwa na ngazi saba na baadaye tisa. Ngazi ya kwanza ni mzee anayefanya mazoezi kukuzidi wewe, ya tano anahitaji msaada wa mambo kama usafiri na kupika, ya sita anahitaji msaada mpaka wa kuoga, ya nane anategemea watu kwa kila kitu, ya tisa ni mtu ambaye maisha yake yako ukingoni. Sheria yake kubwa ni hiyo ya wiki mbili, unapima alivyokuwa kabla, usimpime alivyo leo, maana leo kila mtu aliyeko ICU ni dhaifu. Kwenye ule utafiti wa nchi 21 asilimia 43 ya wale wazee walikuwa kwenye ngazi za udhaifu, na hao ndio walikuwa na hali mbaya zaidi baadaye.

Uzuri wa hiki kipimo hakihitaji damu wala picha, kinahitaji ndugu anayesema ukweli. Ubaya wake mtu mvivu anaweza kukigeuza rungu. Machi 2020 Uingereza, korona imepamba moto, taasisi yao ya miongozo ya tiba, NICE, ilitoa mwongozo uliosema kipimo hiki kitumike kuangalia nani aende ICU, na siku chache tu baadaye wakalazimika kuurekebisha, baada ya watetezi wa watu wenye ulemavu kupiga kelele, kwamba jamani kijana aliyezaliwa na ulemavu anasaidiwa kuoga tangu utotoni na hana shida yoyote ya maisha yake kuwa mafupi, mkimpima kwa ngazi hizi mtamnyima kitanda bure. Wakaandika wazi kwamba kisitumike kwa walio chini ya miaka 65 wala kwa wenye ulemavu wa muda mrefu ulio tulivu. Namba ilikuwa ileile, ni matumizi tu.

Aina ya pili ya vifaa ni vile vya kumkumbusha daktari, na hapa kuna historia ya kuchekesha kidogo kama isingekuwa inauma. Watu wanadhani kompyuta kutabiri vifo ni mambo ya juzi ya akili mnemba. Wapi. Mwaka 1995 Wamarekani walitoa matokeo ya utafiti mkubwa sana, hospitali tano, wagonjwa mahututi 9,105 jumla. Awamu ya kwanza waliangalia tu, wakakuta chini ya nusu ya madaktari ndio wanajua kwamba mgonjwa wao hataki kukandamizwa kifua moyo ukisimama, na nusu ya waliofia hospitali wakiwa na fahamu zao ndugu zao walisema walikuwa na maumivu muda mwingi. Awamu ya pili wakawapa madaktari makadirio ya kompyuta, mgonjwa wako ana nafasi kiasi fulani ya kuwa hai miezi sita ijayo, na nesi maalumu wa kuunganisha mazungumzo. Matokeo? Hakuna kilichobadilika. Hakuna. Maumivu yaleyale, mazungumzo yaleyale yasiyofanyika. Taarifa ilikuwepo mezani ila kuanzisha lile zungumzo bado kulihitaji mtu ajitutumue, na binadamu akiona zungumzo gumu na ana wagonjwa wengine ishirini atasema kesho.

Ndio maana watafiti wa siku hizi wakabadili mbinu, badala ya kumpa daktari taarifa wakaiambia kompyuta ifanye yenyewe. Utafiti uliotoka 2024, hospitali 11 kwenye majimbo nane ya Marekani, wagonjwa 34,239 wa miaka 65 kwenda juu wenye ugonjwa sugu wa mapafu, figo zilizokufa au ugonjwa wa kusahau wa uzeeni. Mzee akishalazwa faili lake la kwenye kompyuta linaandika lenyewe ombi la kuitwa timu ya tiba shufaa, daktari hana haja ya kufanya lolote, ila kama hataki anaweza kulifuta. Unaona ujanja huo? Mwanzo ilikuwa ukitaka omba, sasa ikawa usipotaka kataa. Walioonwa na timu wakapanda kutoka asilimia 16.6 mpaka 43.9, na walionwa mapema kwa zaidi ya siku moja. Madaktari wengi hawakufuta, kumbe hawakuwa wanapinga, walikuwa wanaahirisha. Lakini, na hii lakini ni muhimu, siku za kulazwa ambazo ndizo watafiti walitaka zipungue hazikupungua. Mimi binafsi sioni kama ni kushindwa, nani kasema kazi ya tiba shufaa ni kuokoa vitanda, ila ukienda kumwomba mwenye pesa anunue mfumo usimdanganye kwamba utamrudishia hela.

Kuna wengine wa Pennsylvania walifanya kwa wagonjwa wa saratani, programu inapekua mafaili, inawatoa walio kwenye hatari kubwa ya kufariki ndani ya miezi sita, kila wiki daktari anapata barua pepe ya majina na asubuhi ya kliniki anapata meseji kwamba leo unamuona fulani, zungumza naye. Mazungumzo yakapanda kutoka asilimia 1.3 mpaka 4.6 ya mahudhurio. Ni zaidi ya mara tatu, na bado ni kidogo mno, vyote viwili ni kweli.

Hapo kwenye programu za kutabiri niweke tahadhari moja ambayo watu wa teknolojia hawapendi kuisema kwa sauti. Programu hizi zinajifunza kutoka kwenye mafaili ya zamani. Sasa chukulia huko nyuma wazee wenye hali fulani madaktari walikuwa wanakata tamaa mapema, wanazima mashine siku ya tatu, wazee wale wamefariki wote, faili limeandika wote wamefariki. Kompyuta inasoma inasema mzee wa namna hii hufariki. Daktari wa leo anaona utabiri, anakata tamaa siku ya tatu, mzee anafariki, kompyuta inajipa alama nilisema. Nani sasa atajua kama angepona? Na ukichukua programu iliyofundishwa kwa mafaili ya Boston ukaileta kwa wazee wetu ambao wengi wanafika ICU wakiwa wamechelewa, wameshapita duka la dawa, wameshapita kwa mtaalamu wa mitishamba, basi hata hizo hesabu zenyewe zinazungumzia watu wengine.

Aina ya tatu ni za ndugu. Hapa Wamarekani wamejaribu wavuti na apu, unaingia unaeleza mgonjwa alikuwa mtu wa aina gani, anathamini nini, inakueleza njia zilizopo na matarajio. Moja ilijaribiwa kwenye ICU 13 kwa ndugu wa wagonjwa waliokaa muda mrefu kwenye mashine ya kupumulia, majibu yakatoka 2019, ndugu na madaktari hawakuwa wamekaribiana zaidi kwenye kukadiria kama mgonjwa atakuwa hai baada ya mwaka. Sasa linganisha na Wafaransa, 2007, ICU 22, wagonjwa 126 waliokuwa wanaelekea kufariki. Wao hawakuwa na apu, walikuwa na kijitabu cha karatasi kuhusu msiba na kikao kilichopangwa vizuri. Kikao cha kawaida kilichukua dakika 20, cha kwao 30, ila siri iko ndani ya hizo dakika, kwenye vikao vya kawaida ndugu waliongea dakika 5, kwenye vya kwao waliongea 14. Baada ya siku 90 wenye dalili za kiwewe, ndoto mbaya na kushtukashtuka, walikuwa asilimia 45 kwa waliopata kikao kile, na 69 kwa wengine. Kwa hiyo mimi nikiletewa apu yoyote ya ndugu swali langu ni moja, hii inaniongezea dakika za kuongea au inaniongezea za kusoma? Na sio kila kikao ni dawa, 2016 Wamarekani walijaribu kuleta wataalamu wa tiba shufaa kufanya vikao na familia za waliokwama muda mrefu kwenye mashine, wasiwasi haukupungua na kiwewe kikaongezeka kidogo. Watu wengi wanahisi kwamba kuongea mambo mazito na mgeni, wakati daktari unayemjua hayupo, kunatisha.

Halafu kuna jambo hizi apu za kigeni zinalichukulia kirahisi, zinadhani kuna mtu mmoja mwenye sauti ya mgonjwa, anajaza fomu, imeisha. Kwetu nani huyo? Mtoto wa kwanza? Mama mdogo anayemuogesha? Mjomba anayelipa bili kutoka Muscat? Siku ile daktari aliposikia majibu yangu akasema basi ndugu wote wanaohusika tuongee, na tulichofanya ni kupiga simu ya WhatsApp ya watu wanane, simu yangu imewekwa spika mezani kwenye chumba cha manesi, na bando langu linakatakata. Daktari akaeleza kwa Kiswahili cha kawaida, mapafu yamejaa maji, moyo hausukumi, dawa tunampa, akizidiwa hatua inayofuata ni mpira kooni na mashine na kwa hali aliyokuwa nayo kabla sitegemei atoke kwenye mashine. Halafu akanyamaza. Alinyamaza muda mrefu mpaka mjomba akasema haloo mpo? Na katika kule kunyamaza mama mkubwa ndio akasema kitu ambacho hakuna aliyekuwa anakijua, kwamba marehemu bibi alipokufa na mirija babu alimwambia, mimi zamu yangu ikifika msinifunge mikamba. Miaka tisa mama mkubwa amekaa na hilo neno. Hakuna apu ingelitoa, ila bila simu mama mkubwa wa Tanga asingekuwepo kwenye kikao.

Tukakubaliana oksijeni ya barakoa iendelee, dawa ziendelee, mashine hapana, na pumzi ikimtesa apewe mofini kidogo. Mjomba alipinga, akalia, akakubali.

Suala la maumivu nalo lina vifaa vyake na watu wanalisahau kwa sababu mgonjwa wa ICU mara nyingi haongei. Kuna kipimo cha CPOT, kilitoka Quebec 2006, nesi anaangalia uso kama umekunjamana, mwili unavyojinyonga, misuli ikikunjwa inakaza kiasi gani, na kama mgonjwa anapigana na mashine au, kwa asiye na mpira, anavyotoa sauti. Kila kimoja sifuri mpaka mbili, jumla nane, siku hizi inaingizwa kwenye kompyuta pamoja na presha na joto ili maumivu yawe na mstari wake kwenye chati kama vitu vingine. Wapo pia wenye tableti za picha, mgonjwa mwenye mpira mdomoni anagusa picha ya kiu, ya baridi, ya kuumwa mgongo, ya kumtaka mwanae. Lakini kabla ya tableti jamani mvalisheni mzee miwani yake. Na kifaa cha masikio kama anacho, na meno yake kama anakula. Wazee wengi wanaweweseka ICU, wanaona watu ukutani, na sehemu ya weweseko hilo ni kwamba amevuliwa kila kitu kinachomuunganisha na dunia kikawekwa kwenye mfuko wa plastiki chini ya kitanda.

Vidio ni hadithi ya korona. Hospitali zilipofunga milango 2020 watu walikufa bila kuona sura ya ndugu, Uingereza wakaja na mradi wa Life Lines wa kusambaza tableti kwenye ICU ili familia ziweze kumuona mgonjwa na kuongea naye, na tangu hapo kupigiana vidio na mgonjwa wa ICU limekuwa jambo la kawaida huko. Sio zuri muda wote, kuna watu wameona kwenye skrini sura ya mama yao iliyovimba na hakuna aliyewaandaa, hiyo picha haitoki. Nesi mzuri anakueleza kwanza utaona nini ndio anageuza kamera. Kwa sisi ambao nusu ya ukoo uko Dubai, Minnesota na Mombasa, hii ndiyo sehemu ya teknolojia isiyohitaji kufundishwa, inahitaji hospitali tu iache kuiona simu kama adui.

Babu yeye aliwekewa simu ndogo ya mama mdogo pembeni ya mto, inasoma Yasin taratibu, sauti ya chini wasisumbuliwe wengine. Nesi aliruhusu. Mtu mmoja grupuni akauliza anasikia kweli huyo? Mwaka 2020 watafiti wa Vancouver walipima mawimbi ya ubongo ya wagonjwa wa hospisi waliokuwa saa zao za mwisho, hawajibu chochote, wakakuta ubongo wa baadhi yao bado unaitikia sauti zinapobadilika karibu sawa na wa vijana wazima. Kama wanaelewa maneno hicho kipimo hakisemi. Wazee wetu walishatuambia zamani tumsomee na tusibishane urithi kichwani mwa mgonjwa.

Na kwa hapa kwetu, ambako vitanda vya ICU ni vya kuhesabu na wazee wengi wanafia nyumbani au wodi ya kawaida, nadhani kazi kubwa ya teknolojia iko nje ya ICU, kwenye siku baada ya kutoka na kwenye siku kabla ya kuingia. Uganda walielewa mapema, Hospice Africa ilianzishwa Kampala 1993 na Dokta Anne Merriman, wakaanza na mofini ya maji ya kunywa ya bei rahisi, na 2004 sheria ikaruhusu manesi waliosomea waandike mofini wenyewe bila kusubiri daktari ambaye hayupo. Hiyo sheria ni teknolojia pia ukiniuliza mimi. Tanzania, pale Ocean Road, hospitali ya saratani ya Dar es Salaam, wamejaribu apu ya mPCL kwa wagonjwa wa saratani wanaorudi makwao, mgonjwa au mtu anayemhudumia anajibu maswali ya dalili kwa simu, maumivu yakoje, pumzi ikoje, majibu yanaonekana kwa wataalamu wa hospitali na kwa mhudumu wa afya wa karibu naye, akizidiwa wanajua. Apu ya namna hiyo inafanya kazi pale tu upande wa pili kuna mtu, na mtu huyo ana mofini kabatini. Bila hivyo umemjengea mgonjwa njia nzuri ya kuripoti kwamba anateseka.

Kitu kidogo cha mwisho kuhusu simu, zile picha. Kuna mtu wa ukoo alimpiga babu picha na barakoa, kifua wazi, akaiweka status. Kenya wana sheria ya kulinda taarifa binafsi tangu 2019, Tanzania tangu 2022, na taarifa za afya ziko kwenye zile nyeti zaidi, lakini tuache sheria, babu alikuwa hatoki hata kibarazani bila kanzu. Mama mdogo aliiondoa mwenyewe kwa kumpigia yule mtu simu saa sita usiku, maneno aliyosema siyaandiki.

Baada ya kile kikao grupu lilibadilika kidogo. Namba ziliendelea lakini watu wakaanza kuuliza amelala, amekunywa maji, anakunja uso. Mjomba akarekodi sauti ya dakika nne, nikaicheza sikioni kwa babu mara mbili, hiyo ni ya kwao. Siku ya kumi na moja alfajiri nikapigiwa simu, nikaenda, nikasaini, nikapewa vitu vyake kwenye mfuko, kanzu, kandambili, miwani, tasbihi na ile simu ndogo ya mama mdogo. Nikaiwasha nikijua itakuwa imezima tangu jana maana betri yake haikai hata masaa sita. Ilikuwa na asilimia 97. Nesi wa zamu ya usiku alikuwa ameichaji.